Buot: neno la Kisebuano lenye sifa na tusi

Asanteni. Niingie moja kwa moja kwenye Kisebuano, lugha ambayo wenyewe, kuanzia Cebu na Bohol hadi sehemu kubwa ya Mindanao kusini mwa Ufilipino, huiita tu Bisaya. Wana neno buot. Litamkeni: bu-ot.

Ukifungua kamusi ya John Wolff ya mwaka 1972, litafute kama buut, maana yeye herufi o hakuitumia. Utakuta nia, akili, kutaka. Sawa, lakini sokoni siku hizi mtu akitaka samaki husema gusto, neno la Wahispania. Buot kong mangutana, yaani nataka kuuliza, ni lugha ya hotuba na vitabu. Upande huo neno limezeeka, tuuache.

Uhondo uko nyumbani. Mtoto mdogo akimwaga uji wa mchele, bibi atamtetea: "Wala pay buot." Akili bado, mwacheni. Akikua akawa mpole, anayejua la kufanya bila kusukumwa, huyo ni buotan. Kiambishi tamati hicho, -an, ndicho kinachoitoa kusgan, mwenye nguvu, kwenye kusog, nguvu. Basi buotan ni mwenye buot. Wapo wanaoifasiri "mtiifu". Mimi sikubali, maana mtiifu anaweza kuwa hana akili hata chembe. Ingawa, kusema kweli, hata mbwa asiyeuma huitwa buotan! Watoto wakianza vurugu mbele ya wageni, mama hukemea: "Pagbinuotan mo!" Shikeni adabu. Na aliyezimia amepoteza panimuot, fahamu, mzizi ukiwa ule ule.

Sasa ligeuzeni. Ukiambiwa "Ikaw nay magbuot", uamuzi ni wako, umekabidhiwa rungu. Lichukue bila kukabidhiwa, uanze kuwapangia wenzio nani aketi wapi na nani ale nini, utasikia: "Ayaw pagbuot-buot!" Kwetu tungesema, nani kakufanya mkubwa hapa? Kurudufu mzizi kumeligeuza neno kuwa kebehi: mbwembwe za madaraka ya kujipa.

Halafu watu hao hao wakienda kanisani Jumapili, Wakatoliki husali Baba Yetu: "Matuman ang imong pagbuot", mapenzi yako yatimizwe. Pagbuot ambayo jirani akiifanya mnagombana, kwa Mungu inaombwa kwa sauti.

Haya, maswali. Nawe wa nyuma, buot kang mangutana?