Nani Awashe Mashine Saa Nane za Usiku?

ZUHURA: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni tena kutoka hapa Tanga. Leo nina karatasi yenye masomo matatu ya kutumia programu kusimamia mashine za kuchimba sarafu za kidijitali, kama Bitcoin. Lakini namuona kaka Bakari macho mekundu. Kulikoni?

BAKARI: Waaleikum salaam. Sijalala vizuri wiki hii, dada. Ile mashine ya kuchimba Bitcoin, Antminer S9 ya mteja niliyoitengeneza bodi, nimeiweka chumba cha uani kule Ngamiani, ikimbie siku chache kabla haijarudi kwa mwenyewe. Juzi saa nane za usiku, taarifa za programu zikaanza kuingia Telegram kwenye simu: joto la bodi limepita nyuzi 80. Mara: mashine inawashwa upya. Joto tena. Inawashwa upya tena.

ZUHURA: Feni?

BAKARI: Ndilo lililonijia kwanza. Nikafungua ukurasa wake kwenye simu, feni zote mbili zinazunguka kwa nguvu zote. Ila kasi ya kuchimba, inayopimwa kwa terahashi, ilikuwa 13 na nusu, imeporomoka mpaka 9. Ukiiona 9 kwenye S9, bodi moja kati ya tatu imelala. Nikatoka na tochi, nafungua mlango, nakuta kanga doti mbili na shuka zimeanikwa kwenye kamba, zimeligusa kabisa tundu la kutolea hewa. Mama mdogo anakausha nguo!

ZUHURA: (anacheka) Masika haya, ulitaka akaanike wapi?

BAKARI: Ndivyo alivyoniambia! "Mwanangu, una jua ndani ya nyumba na hukutuambia."

ZUHURA: Zilikauka lakini?

BAKARI: Zilikauka kuliko pasi ingezikausha. Mashine ile inakula wati 1,350 hivi, na umeme wote huo mwisho wake ni joto. Sasa mama mdogo kesho yake kaja na mbata. Jioni kauliza habari za ng'onda.

ZUHURA: Ng'onda usikubali. Harufu haitoki chumbani mpaka Idi.

BAKARI: Nimemwambia. Akasema basi embe.

ZUHURA: Embe zinawezekana, sikutanii. Ila kitu kisiguse mashine, na kisikae upande inakovuta hewa. Hewa yetu ya pwani ina chumvi tayari, ukiiongezea mafuta ya samaki, vumbi linaganda kwenye vyuma vya kupozea na joto halitoki tena. Hilo linaonekana kwenye programu kabla hujaliona kwa macho: joto la bodi linapanda kidogo kila wiki wakati kasi ya feni nayo inapanda. Wengi wanatazama kasi ya kuchimba tu.

BAKARI: Na mbata je?

ZUHURA: Mbata ina mafuta, Bakari. Mwambie mama mdogo abaki na kanga, hatua mbili nyuma ya tundu.

BAKARI: Atakusikia, anasikiliza kipindi. Mama mdogo, hatua mbili!

ZUHURA: Na Luku inakwendaje?

BAKARI: Uniti 32 na ushee kwa siku. Ukinunua ya elfu kumi unapata 28 hivi, kwa hiyo zaidi ya elfu 11 kila siku. Mteja ndiye anayelipa majaribio, na kwake ana umeme wa jua. Kwa Luku S9 hailipi, na nawaambia wote wanaonipigia. Tangu Aprili 2024 zawadi ya wachimbaji kwa kila bloku, yaani fungu la miamala, ni Bitcoin 3.125, kabla ya hapo ilikuwa 6.25. Programu kama Awesome Miner ina mahali pa kujaza bei ya umeme. Usipoijaza, kila mashine itaonyesha faida, hata hii.

ZUHURA: Hilo lilikuwa somo la pili, umeniwahi. Turudi kwenye usiku ule. Nani aliiamuru iwashwe upya kwa sababu ya joto?

BAKARI: Mteja aliweka kanuni hiyo kwenye programu. Mimi nimeifuta, na nimefuta kujiwasha kwote. Ikizimika, izimike mpaka mtu aione.

ZUHURA: Kwa joto nakubali. Lakini umeme ukikatika ukarudi? Mtandao ukikwama? Mashine nyingine ziko shamba, mwenyewe yuko mjini. Zilale siku nzima zikimsubiri?

BAKARI: Zilale. Programu inajua mashine imezimika, haijui kwa nini. Nimefungua mashine mezani kwangu, bodi imeungua mahali pamoja padogo kama punje ya mtama. Umeme ulirudi ukiwa juu, mashine ikajiwasha pale pale.

ZUHURA: Dawa ya hilo ni stabilaiza na kuichelewesha. Isubiri dakika kumi, ijaribu mara moja, ikishindwa ikae kimya ikutumie taarifa. Na programu inajua mengi: kumbukumbu inazoziandika inakuonyesha joto na mzunguko wa feni dakika ya mwisho kabla ya kuzimika. Fundi anayefika asubuhi na tochi haoni hayo.

BAKARI: Fundi ananusa, dada. Kitu kikiungua kina harufu. Kumbukumbu haina.

ZUHURA: Watu wanaendesha mashine maelfu, hawanusi moja moja.

BAKARI: Wana watu pale pale. Kule hifadhi ya Virunga, Kongo, walianza kuchimba kwa umeme wa maji 2020, na wafanyakazi walikaa na mashine.

ZUHURA: Wenye mashine mbili shambani wataajiri nani?

BAKARI: Basi wasiziache peke yake.

ZUHURA: Hapo unawaambia watu wasichimbe kabisa.

BAKARI: Nawaambia wasiunguze nyumba. Mashine ya 2016 yenye waya uliochoka, ijiwashe yenyewe usiku na watoto wamelala chumba cha pili? Sikubali.

ZUHURA: Mimi nasema ucheleweshaji na stabilaiza vinatosha, sitoki hapo.

BAKARI: Nami sitoki.

ZUHURA: Haya, na muda nao umetupa mgongo, tumebakiwa na dakika moja. Masomo yangu yote yamebaki kwenye karatasi.

BAKARI: La kwanza lilikuwa lipi?

ZUHURA: Nywila. Hizi Antminer za zamani zinatoka kiwandani jina ni root na nywila ni root. Mtu akiingia, anaibadilisha anwani ya pochi, yaani mahali sarafu zako zinakotumwa, mashine inaendelea kukimbia vizuri, joto zuri, kasi nzuri, ila inamchimbia yeye. Fungueni ukurasa wa mipangilio leo hii, linganisheni anwani herufi kwa herufi na ya kwenu. Bakari, ya mteja umeiangalia?

BAKARI: Nywila nimebadilisha. Anwani ni yake, nitamuuliza.

ZUHURA: Mpigie sasa hivi, mimi nazima maikrofoni.