Njia ya Siti ianzie Fumba, isianzie Forodhani

Asalaam aleikum mama zangu, baba zangu, na nyie vijana mliosimama huko nyuma sogeeni bas, viti vipo. Nimeombwa niseme machache kuhusu njia ya matembezi tunayotaka kuifungua kwa ajili ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wetu wa taarabu wa Zanzibar, na mie kubwa langu ni moja tu, njia ianzie Fumba, kijijini alikozaliwa. Isianzie Forodhani, pale ufukweni mjini.

Najua kuna watakaosema Siti hajasahauliwa bwana, jina lipo. Kweli jina lipo, Shaaban Robert kamwandikia wasifu, TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, jarida lao wameliita Sauti ya Siti, watoto skuli wanamsikia. Lakini ukimuuliza mtu hapo Darajani Siti alikuwa anafanya kazi gani kabla hajaimba, wengi wananyamaza. Alikuwa mfinyanzi! Huyo ndo tuliyemsahau, yule mtoto wa shamba aliyezaliwa Fumba kama 1880 hivi, wakamwita Mtumwa, hilo ndo jina lake la kwanza jamani, Mtumwa, hilo jina la Siti kaja kupewa baadae. Mamake kamfundisha kufinyanga, na vyungu vikishaiva anajitwika anakuja navyo mjini kwa miguu, kilomita zaidi ya 15, jua kali, huku ananadi, na inasimuliwa kuwa watu walikuwa wanamjua kwa sauti kabla hawajamuona.

Sasa mie nilikuwa naisoma hiyo habari napita tu. Mpaka mwezi uliopita nilipokwenda kukaa na bibi mmoja wa shamba, amefinyanga tangu mtoto, akanionyesha. Udongo unalowekwa, unakandwa, unatolewa vijiwe kimoja kimoja kwa vidole, halafu unapandishwa kidogo kidogo huku unalainishwa kwa kombe la pwani, kisha unaachwa ukauke kivulini siku kadhaa ndo uchomwe kwa makuti na makumbi. Mimi nikadhani hapo kazi imekwisha. Bibi akachukua chungu kimoja akakigonga kwa kifundo cha kidole, ngii, kikalia kama kengele. Akachukua cha pili, kwa macho kizima kabisa, akagonga, du. Akanambia mwanangu hiki kina ufa, hakiuziki. Nikatazama, sioni ufa. Ye kausikia.

Nilikaa kimya pale. Maana tunasema kila siku Siti kafundishwa muziki mjini na Ali Muhsin wa Ikhwan Safaa, ile klabu ya taarabu, na ni kweli, kahamia mjini 1911 na huyo bwana kamfundisha, haki yake lazima tumpe. Lakini mtoto aliyekua anagonga vyungu asikilize kipi kizima kipi kibovu, huyo sikio kaja nalo kutoka Fumba. Halafu bibi akanitwika, kata kichwani, chungu juu yake, nikatembea kama hatua 40. Huwezi kuinama, huwezi kutazama miguu yako, shingo imesimama, kifua wazi, pumzi unaipima. Na Siti alikuwa kwenye hali hiyo anapaza sauti mpaka mjini. Mie naamini kabisa ile barabara ndo iliyomlea ile sauti.

Ndo maana nasema Forodhani iwe mwisho. Kwa mji sina maneno mengi, mnaujua. Klabu ya Ikhwan Safaa, iliyoanza 1905, lazima tusimame, kwa sababu wakati ule taarabu ni ya wanaume na ni ya Kiarabu, na huyu mama kaja akaimba Kiswahili, akaimba kwa sultani na akaimba kwa watu wa Ng'ambo, ule upande wa mji wa watu wa kawaida. Na bandarini tusimame, ndiko alikotokea 1928 kwenda Bombay na wenzake kurekodi, na mpaka 1931 sahani za santuri za Kiswahili zilizouzwa zilikuwa zaidi ya 70,000, na yeye ndo aliyefungua huo mlango.

Ng'ambo ndo pananiuma. Kaishi huko, lakini nyumba nyingi za udongo za zama zile zilivunjwa baada ya Mapinduzi kupisha majumba ya Michenzani, kwahiyo mgeni ukimpeleka atakuuliza nyumba iko wapi na we utaonyesha ghorofa. Mgeni huyohuyo Shangani kaonyeshwa nyumba ya Freddie Mercury, kapiga picha, kafurahi, na sina ubaya na hilo, ni mtoto wa hapa nae. Ila mfinyanzi wa Fumba apate pa kusimamiwa. Hapo Michenzani tukae chini na wazee watusimulie, watu 20 kwenye majamvi na kahawa, na alama ya kituo naomba isiwe marumaru. Iwe chungu kimejengewa kwenye saruji, mtu apite akigonge asikie.

Jumapili tunajaribu kwa mara ya kwanza. Tunaondoka Fumba baada ya alfajiri kabla jua halijawa kali, wazee watafatwa na gari njiani, maji kila mtu abebe yake. Bibi amekubali kutupa vyungu vitano, amevigonga vyote mwenyewe, tutapokezana. Kata zipo. Na anayejiweza kunadi, anadi.