Pimeni Lithiamu Kwanza

Ndugu zangu, nazungumzia utando mwembamba wa kauri wa kupitisha ioni za lithiamu katika betri, tunaoutengeneza kwa kuipiga leza shabaha, yaani kipande cha kauri, ili mvuke wake utue kwenye bamba. Leza ya nanomita 248 mnaijua na chemba ya ombwe mnaijua, kwa hiyo sitakaa huko. Nimekuja kuibishia tena ile kauli ninayoisikia kila mkutano: eti kilichomo kwenye shabaha ndicho kinachotua kwenye utando. Kwa lithiamu, si kweli.

Fuateni pigo moja tu la leza. Linadumu takriban nanosekunde 20. Uso wa kauri unalipuka na wingu la plazima, yaani gesi ya moto yenye chaji, linaruka kuelekea kwenye bamba. Lanthanamu, elementi mojawapo ya kauri hiyo, ni nzito, inashika njia yake. Lithiamu ni nyepesi. Ikigongana na oksijeni ya chemba inatupwa pembeni. Inayofika nayo inakuta bamba la nyuzi 600 au 700, inavukizwa tena. Mnadhani mmepata ganeti ya Li7La3Zr2O12, ile kauri inayopitisha ioni za lithiamu, kumbe mmebaki na La2Zr2O7, ambayo ioni za lithiamu hazina pa kupita.

Mtaniambia kipimo cha eksrei kimeonyesha ganeti. Eksrei hutawanywa na elektroni: lanthanamu inazo 57, lithiamu 3. Ni kutafuta mnong'ono kando ya ngoma! Yeyusheni kipande cha utando katika asidi, mpime lithiamu yenyewe. Ikipungua, ongezeni ya ziada kwenye shabaha, au pachikeni tabaka za nitridi ya lithiamu katikati ya utando, kama ilivyochapishwa 2019.

Mwingine atauliza, kwa nini tuhangaike na utando ilhali kidonge cha kauri kilichochomwa tanurini kinapitisha ioni vizuri zaidi? Haya, tupige hesabu. Kidonge cha mikromita 500, chenye upitishaji wa ioni wa 10⁻³ S/cm (siemens kwa sentimita), kina ukinzani wa omu 50 kwa eneo la sentimita mraba moja. Utando wa mikromita 1, hata upitishaji wake ukiwa hafifu mara 100, una omu 10 kwa eneo hilohilo. Wembamba umeshinda! Ndiyo maana nakasirika tunapoupoteza ushindi huo kwa uvivu wa kupima.

Matone je? Leza hurusha matone ya kauri, na pembeni mwa tone hubaki upenyo. Upenyo mmoja unatosha kuzigusanisha elektrodi mbili za pande mbili za utando. Anzeni na elektrodi ndogo, mhesabu ngapi zimepiga shoti, ndipo mpanue eneo.