Kabureta ya Pwani, Hewa ya Nairobi

AKINYI: Karibuni tena kwenye kipindi. Huo mgongano mnaousikia ni Fundi Karanja akizigeuza plagi nne nilizotoa kwenye Peugeot 504 yangu asubuhi hii. Nimezileta kwa karatasi ya gazeti, kila moja na namba ya silinda yake.

KARANJA: Na umefanya vizuri kuziwekea namba. Zote nne ni nyeusi, Akinyi. Ni weusi mkavu huu, masizi ya kushikika na kidole. Ingekuwa oili ningekuta unyevu. Hii gari inapewa petroli nyingi kuliko inavyoweza kuchoma. Kabureta gani, ile inayochanganya petroli na hewa, iko pale juu?

AKINYI: Ni ya Weber, ya milimita 38. Kuna fundi aliniambia kabureta yake ya zamani, ya Solex, imekufa na injini inataka kitu kikubwa. Nikalipa. Sasa nikikanyaga mafuta ghafla inakohoa kwanza ndipo iondoke, na kwa jam ya Jogoo Road harufu ya petroli inanijia hadi ndani. Ni gari ya baba, Fundi. Iliniuma sana.

KARANJA: Pole. Hujaiharibu, amini hivyo. Weber 38 ni kabureta nzuri, lakini ilikuwa ikifungwa kwa injini kama ile V6 ya lita 3 ya Ford Capri, na makoo yake mawili, zile njia za hewa, yanafunguka kwa pamoja. Yako ina cc 1,971. Hebu tupige hesabu. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, inajaza mara 2,500, karibu lita 2 kila mara. Hapo ni lita 5,000. Lakini silinda hazijai kabisa, kwa hivyo toa sehemu moja ya tano. Unabaki na kama lita 4,000 za hewa kwa dakika, na hapo umekanyaga hadi mwisho.

AKINYI: Na kwa Jogoo Road sikanyagi hata robo.

KARANJA: Ndiyo taabu yenyewe. Petroli haisukumwi kuingia kwenye koo la kabureta, inanyonywa. Hewa ikipita mahali pembamba inaongeza kasi, shinikizo linashuka, petroli inapanda kutoka kwenye bakuli na kutawanyika kama ukungu. Koo likiwa pana kupita kiasi, hewa inajikokota. Petroli inaingia kwa matone, mengine yanalowesha kuta za manifoldi, yale mabomba ya kwenda kwenye silinda. Ndiyo maana inakohoa.

AKINYI: Ni kama mtu akupe soda unywe kwa bomba la bustani.

KARANJA: Haswa! Kwa injini yako, kama unataka Weber, tafuta 32/36. Koo la kwanza la milimita 32 linabeba safari zako za kila siku, lile la 36 linaamka ukikanyaga sana. Lakini mimi, kabla ya Weber yoyote, ningeitazama ile Solex. Bado unayo?

AKINYI: Iko kwa katoni. Sikuitupa.

KARANJA: Asante Mungu. Shika kile chuma kinachobeba kipepeo cha hewa, kitikise. Kikicheza, hewa inaingia pembeni na hakuna skurubu itakayoituliza hiyo injini. Mafundi wengi hapo ndipo wanasema kabureta imekufa. Haijakufa. Peleka kwa mtu wa kukereza vyuma, akutengenezee bushi mbili za shaba. Kisha nenda Kirinyaga Road utafute gaskiti na sindano ya bakuli, ile inayofunga petroli bakuli likijaa. Nimeona kabureta kuukuu zikirudi barabarani kwa kazi kama hiyo, na zikafanya kazi kuliko kopi mpya ambazo namba ya jeti, kile kitundu kinachopima petroli, inasema kitu kimoja na tundu lake ni kingine.

AKINYI: Wale wanaofunga pampu ya umeme ya magari ya kisasa je?

KARANJA: Waache mara moja. Kabureta inataka msukumo wa pauni 3 hivi kwa kila inchi ya mraba. Pampu ya injekta inaleta zaidi ya mara kumi ya hapo. Sindano haiwezi kuzuia, bakuli linafurika, na chini yake kuna moto. Gari inaungua.

AKINYI: Nilitaka tufike kwa hewa. Juzi uliniambia Nairobi yenyewe inanyima injini pumzi.

KARANJA: Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni pungufu kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 16. Sasa sikiliza: kabureta haijui hivyo. Hewa ikipungua kwa 16, petroli inapungua kwa nusu ya hapo tu. Kwa hivyo kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari, ikifika hapa inamwaga ziada ya asilimia 8 au 9. Weber huandika jeti kwa mia za milimita, 130 ni milimita 1.30. Ukishuka hadi 125, tundu linapungua kwa asilimia 7 na nusu. Hatua moja ndogo, na plagi zinaanza kugeuka rangi ya biskuti, dalili kwamba petroli inachomeka vizuri.

AKINYI: Basi nibadilishe jeti nianze kukaza skurubu.

KARANJA: Bado! Skurubu ni ya mwisho. Kwanza tapeti, yaani nafasi za valvu, halafu pointi zinazokata umeme wa plagi, halafu taimingi, yaani wakati wa cheche. Kisha washa, unyunyize maji kidogo kuzunguka gaskiti za manifoldi. Usitumie petroli, tafadhali. Mngurumo ukibadilika, hewa inavuja hapo. Hayo yakiisha, acha injini ipate moto kabisa na choki, ile ya kuwashia injini baridi, iwe wazi. Kwa 32/36, kaza skurubu ya mchanganyiko taratibu hadi injini ianze kumisi, ifungue hadi itulie na kuzunguka kwa kasi yake nzuri, uishie hapo. Hesabu ulivyofungua tangu ilipokazwa yote. Ikitulia kati ya mzunguko mmoja na miwili, sawa. Ikidai zaidi ya miwili na nusu, jeti ya mwendo wa polepole ni ndogo. Ikitulia karibu imefungwa yote, ni kubwa.

AKINYI: Na Desemba nikishuka nayo Mombasa? Ndiyo barabara baba aliyoipenda, tangu 504 iliposhinda mbio za Safari Rally 1975, ikarudia 1978.

KARANJA: Hapo jeti ya Nairobi itakunyima petroli. Kwa mwendo mrefu umekanyaga, injini inagonga, valvu zinaungua. Mimi hubeba jeti ya 130 kwa kikopo kidogo pamoja na bisbisi. Nikifika Mtito Andei nasimama, naagiza chai, naacha injini ipoe, nafungua kifuniko cha kabureta naibadilisha. Nikirudi, hapohapo narudisha 125.

AKINYI: Jumamosi nakuletea ile katoni.

KARANJA: Ilete asubuhi, na hizi plagi usizisugue. Nataka tuzilinganishe na mpya baada ya kilomita mia.