Pengo la Mstari Mmoja

KAKA: Hujambo msikilizaji, karibu tena kipindini. Leo hatuna mgeni. Mgeni ni dada yangu huyu tunayetangaza naye kila wiki, kwa sababu juzi alidondosha sentensi moja tukiwa tumeshazima vinasa sauti, na mpaka leo haijanitoka. Dada, hebu irudie.

DADA: Nilisema sikuingia kwenye uandishi kwa mlango wa vitabu. Niliingia kwa mlango wa redio.

KAKA: Anzia hapo hapo.

DADA: Nilikuwa na miaka tisa. Wimbo ninaoupenda ukianza tu, nalikimbilia redio kaseti na kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Mara nyingi nilichelewa, au mtangazaji alizungumza wimbo ukiwa umeshaanza. Baadaye nakaa na daftari nanakili maneno. Sikiliza, simamisha, andika, rudisha nyuma. Mstari mmoja uliweza kunila robo saa, maana kanda nayo ilishachoka.

KAKA: Na pale usiposikia?

DADA: Hapo ndipo penyewe, kaka. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao katika ubeti wa mwisho mwimbaji alizama chini ya ala. Nilirudia na kurudia, sikuambulia neno. Daftarini pakabaki pengo, na pengo lile lilinikosesha raha. Basi nikalijaza mwenyewe. Lakini sikuweza kuweka neno lolote tu, ilibidi lienee. Nikahesabu kwa vidole mapigo ya mstari uliotangulia, nikapata manane, nikaandika: "Nenda salama mpenzi."

KAKA: Ne-nda-sa-la-ma-m-pe-nzi. Nane kweli!

DADA: Na uone, ile "m" ya mpenzi nimeihesabu peke yake. Hakuna aliyenifundisha kwamba ni silabi kamili. Sikio lilijua. Miaka baadaye darasani tukaambiwa mshororo wa utenzi una mizani nane, na shairi la kawaida lina kumi na sita kwa vipande viwili vya nane nane. Wenzangu walilalamika. Mimi nilihisi kama nimekutana na mtu ninayemfahamu.

KAKA: Lakini wapo wengi waliopenda muziki utotoni wasiandike hata barua. Kwako ilivukaje?

DADA: Kwa kushindwa kupiga ala, nadhani. Nilijaribu gita, vidole vikagoma. Mapenzi yakabaki yanatafuta pa kwenda. Na sikuwa peke yangu katika njia hii. Mwandishi Mmarekani Ralph Ellison alikwenda chuo cha Tuskegee mwaka 1933 kusomea muziki. Alikuwa mpiga tarumbeta, akitaka awe mtunzi wa muziki. Dunia ikamjua kwa riwaya. Kazuo Ishiguro, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2017, ujanani alitunga nyimbo akiwa na gita lake na kuzipeleka kwa watu wa kampuni za kurekodi. Hawakumchukua.

KAKA: Na zile nyimbo zikapotea bure?

DADA: Hazikupotea hata kidogo. Mwenyewe ameeleza kwamba kutunga nyimbo kulimfundisha kuacha mambo mengi chini ya maneno, yasisemwe. Wimbo hauna nafasi ya kueleza kila kitu, sehemu nyingine unaibeba muziki. Ukimsoma utaona wahusika wake wanazungumzia mambo madogo huku kubwa limekaa pale pale, halitajwi.

KAKA: Haruki Murakami naye, yule mwandishi wa Japani, alikuwa na baa ya jazi.

DADA: Naam, Tokyo, kuanzia 1974. Aliandika riwaya zake za kwanza usiku, baada ya kazi. Yeye husema wazi kwamba mengi anayoyajua kuhusu uandishi aliyapata kwenye muziki.

KAKA: Turudi kwako. Makala ya kwanza?

DADA: Uhakiki wa albamu. Nikaandika "sauti tamu", "mdundo mzuri", "wimbo unaogusa moyo". Mhariri akanirudishia na swali moja pembeni: "Umesikia nini?" Nililia siku ile, nisikufiche. Lakini alinipa kazi yangu yote kwa maneno mawili yale. Nikarudi kwenye albamu na daftari kama mtoto. Nikaandika kwamba besi linaingia kabla ya ngoma, kwamba mwimbaji anavuta pumzi katikati ya neno, kwamba kiitikio cha tatu gita linanyamaza na ghafla unasikia waitikiaji ni wawili tu. "Tamu" sikuiandika tena.

KAKA: Na hiyo ikakupeleka kwenye hadithi?

DADA: Moja kwa moja. Anayeweza kusikia pumzi ya mwimbaji anaweza kusikia mama anayejibu "sijambo" huku si kweli. Ni sikio lile lile.

KAKA: Nipe kitu cha kiufundi kidogo. Msikilizaji anayeandika atakitaka.

DADA: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Karibu kila neno linatua namna moja. Kwa hiyo ukiandika sentensi zenye urefu sawa, zote zinaanguka mahali pamoja, ta-ra, ta-ra, na msomaji anasinzia bila kujua kwa nini. Dawa ni urefu. Acha sentensi itembee, ipinde, ichukue mzigo wake wote mpaka mlangoni. Kisha kata. Rasimu yangu yoyote naisoma kwa sauti, nimesimama. Ulimi ukijikwaa, naweka alama. Macho huvumilia makosa mengi sana, ulimi hauvumilii.

KAKA: Ule wimbo wa pengo, uliwahi kuupata tena?

DADA: Mwaka jana. Rekodi safi, imesafishwa kelele. Nilivaa spika za masikio, nikafunga mlango. Nikangoja ubeti wa mwisho.

KAKA: Alisema nini?

DADA: Hakusema kitu, kaka. Alikuwa anavumisha tu, mdomo umefungwa. Mapigo manane.

KAKA: Hapakuwa na maneno kabisa?

DADA: Kabisa. Nilikaa pale muda mrefu. Nikaurudisha nyuma, na safari hii nikaimba mstari wangu juu yake. Ulienea.

KAKA: Uvumishe basi tuusikie, halafu tuage.

DADA: Sawa. Ila usiniitikie. Niache peke yangu kwanza.