Namba unayoamka nayo

(Mhadhara uliotolewa Uyole, Mbeya, Jumamosi asubuhi mwezi Julai, mbele ya kikundi cha mazoezi cha mtaa)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Asanteni kwa kutoka vitandani na baridi hii. Naona makoti, naona mashuka ya Kimasai, naona na mtoto amefunikwa mpaka pua.

Ndugu zetu wa Rungwe na Kyela wakikutana asubuhi husalimiana “ugonile”. Neno hilo limetoka kwenye kulala. Anayekuamkia anataka kujua umelalaje. Mimi ni tabibu, na kwa miaka mingi nimewauliza watu hivyo hivyo kwa njia nyingine: nashika mkono, naangalia saa, nahesabu mapigo ya moyo.

Tupime kwanza, maneno baadaye. Chukua kidole cha shahada na cha kati, viweke kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, pale penye kibonde kidogo. Usipimie kwa dole gumba, kwa sababu lenyewe lina mshipa unaopiga na litakuchanganya. Gusa tu, usikandamize. Mimi nashika saa, dakika nzima. Anzeni.

(Ukumbi ulikaa kimya dakika moja.)

Haya. Baba wa kofia nyekundu? 58. Dada wa kitenge cha bluu? 84. Kijana wa bajaji? 91. Mama pale nyuma? 92, sawa. Naona mmeanza kutazamana, na wa 58 anapongezwa. Ngojeni kidogo. Namba hizi zote bado si zile tunazozitafuta. Wengine mmepanda kilima kufika hapa, wengine mmetoka kunywa chai ya rangi, na kila mmoja ana wasiwasi kidogo kwa kuwa anasikilizwa na jirani. Mapigo ya mapumziko yanapatikana kitandani: umeamka, hujainuka, hujanywa chochote, hujashika simu. Hesabu dakika nzima, andika. Fanya hivyo asubuhi tano, kisha chukua wastani. Hiyo ndiyo namba yako.

Kwa mtu mzima, vitabu vya tiba vinasema kati ya 60 na 100 kwa dakika ni kawaida. Mkimbiaji aliyezoea mbio ndefu anaweza kuwa na 50, hata 40, na akawa mzima kabisa. Kwa nini moyo wa mtu mwenye mazoezi upige polepole? Hapa nitachelewa kidogo, maana ukielewa hapa, mengine yote yanafunguka.

Hili mkononi mwangu ni dumu la lita 5 la mafuta ya kula. Mwili wa mtu mzima aliyetulia unahitaji moyo usukume damu kiasi cha dumu hili kila dakika. Na hiki ni kikombe cha kahawa, vile vidogo vya wauza kahawa wa stendi. Kinabeba kama mililita 70, na ndicho kiasi ambacho moyo wa kawaida unasukuma kwa pigo moja. Piga hesabu: vikombe 72, dumu limejaa. Sasa chukua mtu anayepanda milima yetu kila siku kwa miaka. Chumba cha moyo wake kimetanuka, misuli imepata nguvu, kila pigo linatoa mililita 100. Huyo anajaza dumu lile lile kwa mapigo 50. Amepunguza mapigo 22 kwa dakika, zaidi ya 31,000 kwa siku moja, na damu iliyofika kwenye ubongo na figo ni ile ile.

Kuna jambo la pili. Ndani ya moyo kuna kisehemu kidogo kinachoanzisha kila pigo, na kikiachwa peke yake kinapiga karibu mara 100 kwa dakika. Kinachokituliza ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni. Ukifanya mazoezi ya kutembea haraka au kukimbia kwa wiki kadhaa, utulivu huo unaongezeka. Ndiyo maana namba hushuka.

Baba wa 58, nilikuuliza kabla hatujaanza, ukaniambia una miaka 67 na kila siku unapeleka maziwa kwa miguu kutoka kwenye mteremko wa mlima Loleza mpaka mjini. Hujawahi kuvaa raba za mazoezi. Nakupongeza kwa moyo wote. Lakini wengine msijipime kwa namba ya baba. Wanawake kwa wastani wana mapigo mengi kidogo kuliko wanaume, kwa kuwa mioyo yao ni midogo kidogo. Mjamzito huongezeka mapigo 10 mpaka 20, na hilo ni kazi halali ya mwili. Watu wawili wenye afya sawa wanaweza kuachana kwa mapigo 15 kwa maumbile tu. Namba hii inasema kweli pale unapoilinganisha na yako ya mwezi uliopita.

Niwape la kwangu. Miaka michache nyuma nilihamishiwa kazi ya mezani, nikaacha kutembea, nikawa naamka na 78. Nikaanza kwenda kwa miguu kila alfajiri, mwendo wa haraka, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Wiki mbili za kwanza hakuna kilichobadilika, na hapo ndipo wengi huacha. Mwezi wa tatu nilikuwa 67. Nikaendelea kuandika kwenye daftari la watoto, kila Jumatatu na Alhamisi. Alhamisi moja nikaamka na 81. Sikuwa na homa, sikuwa na kikohozi, nilikuwa mchovu kidogo tu. Nikakumbuka kwamba siku kumi na moja nyuma nilikuwa Kyela kwenye msiba, nimelala bila chandarua. Mchana homa ikapanda, nikapima, malaria. Moyo ulikuwa umeshajua tangu alfajiri.

Kwa hiyo namba ikipanda ghafla kwa 10 au zaidi na ikakaa hapo, usiseme tu “mazoezi yamepungua”. Homa inapandisha, karibu mapigo 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kukosa usingizi, maji kidogo mwilini, pombe ya jana, sigara, mawazo ya ada ya shule, vyote vinapandisha. Na upungufu wa damu unapandisha polepole, miezi na miezi, mpaka mtu anauzoea.

Wageni wetu kutoka Dar es Salaam hushtuka wakifika hapa. Mji wetu uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Moyo unafidia kwa kupiga haraka zaidi siku za mwanzo. Baadaye mwili unatengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi, mapigo yanatulia. Mpeni mgeni siku chache kabla ya kumpandisha Loleza.

Saa za mkononi zinazopima mapigo? Ni nzuri. Zinamulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kusoma damu inavyopita. Lakini mwezi kama huu, mkono ukiwa wa baridi, damu inakimbilia ndani na saa inaweza kudanganya. Ikikupa namba ya ajabu, rudi kwenye vidole viwili. Daktari mmoja wa Uingereza, John Floyer, alitengenezewa saa maalumu ya kuhesabu mapigo kwa dakika moja na akaandika habari zake mwaka 1707. Leo kila simu ya kitochi ina saa, hatuna kisingizio.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Namba ndogo haimaanishi afya kila mara. Dawa kadhaa za presha, kama atenolol na propranolol, hushusha mapigo. Ukizitumia, namba yako inasoma dawa. Tezi ya shingo ikilegea, mapigo hushuka. Umeme wa moyo ukikwama njiani, mapigo hushuka. Mzee ambaye hajawahi kufanya mazoezi, ana 42, anaona kizunguzungu akisimama au ameanguka mara moja msalani, huyo msimpongeze. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, apimwe kwa mashine ya umeme wa moyo. Na anayeamka na zaidi ya 100 siku baada ya siku, naye aende.

Kipimo kingine, kwa wale wanaopanda kilima nasi: ukifika juu, hesabu sekunde 15 mara moja, zidisha kwa nne. Simama dakika moja, hesabu tena. Kama hayajashuka hata 12, njoo tuonane. Mwenye pumzi nzuri hushuka zaidi ya hapo.

Maswali? Ndiyo, mama, karibu.

(Mama mmoja alisimama: “Mwanangu, mimi ndiye wa 92. Nimekaa hapa saa nzima, sijapanda kilima, nakaa nyumba ya pili. Kila nikihesabu ni hivyo. Nifanye mazoezi zaidi?”)

Asante, mama. Mazoezi tusubiri kidogo. Ukifua, unapumzika katikati? … Tangu lini? … Tangu Krismasi. Na siku zako zinatoka nyingi? Basi, usinijibu hapa, hilo tutaongea wawili. Naomba usogee hapa dirishani. Shusha kope ya chini kidogo, nione. … Haya, asante.

Kesho na keshokutwa, kabla ya kuinuka kitandani, hesabu dakika nzima, mwambie mjukuu aandike. Jumatatu saa mbili asubuhi njoo zahanati na karatasi hiyo, tupime wingi wa damu. Njoo na bajaji, mama, usije kwa miguu.