Kuni Kapasua Nani?

Walionisikia siku za nyuma wanajua nitakoanzia, wanivumilie. Swali langu kwenu, waandishi wa hadithi za mapenzi, halijabadilika: kuni kapasua nani?

Kila hadithi ya mapenzi ya majira ya baridi ina nyumba ya mbao mlimani, na wawili wamejifunika blanketi moja mbele ya moto. Moto umejiwasha. Maji hayajaganda bombani. Hakuna hata mwenye kamasi! Halafu mwandishi ananiuliza kwa nini wapenzi wake wamepoa.

La kwanza: mchukueni Arthur Conan Doyle, yule mwandishi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes. Mwaka 1894 alikuwa Davos, Uswisi, kwa kuwa mkewe aliugua kifua kikuu na zama hizo hewa ya mlimani ndiyo ilikuwa dawa. Akatoka kabla ya mapambazuko na ndugu wawili wenyeji, akina Branger, wavuke mlima kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, hadi Arosa. Penye mteremko mkali wakazifunga skii pamoja wazikalie kama kigari. Za Doyle zikamponyoka, zikatangulia bondeni. Bwana mzima, jina limevuma, akashuka kwa makalio! Baadaye akaandika kwamba fundi wake wa nguo humhakikishia kitambaa cha suruali ile hakichakai. Yeye akaona hiyo ni nadharia tu. Na huko Arosa, mmoja wa wale ndugu alipojaza kitabu cha wageni hotelini, alimwandika Doyle kuwa “mwanamichezo”. Cheko lenu hilo ndilo ninalolitaka.

Suruali ile naitafuta kwenye miswada yenu siipati. Mhusika wenu hatelezi, na akiteleza anaangukia kifuani mwa mtu. Aanguke vibaya! Mwenzake acheke kwanza, ndipo amwinue. Hapo nitaamini wanapendana.

Najua, kuna anayenung’unika: “Mwalimu, msomaji anataka starehe.” Msomaji yuko kitandani, bwana, joto analo. Alichokosa ni baridi.

La pili, haraka. Mwaka 1929 treni ya Orient Express ilikwama thelujini Uturuki siku kadhaa. Abiria waliogombana wangekwenda wapi? Theluji ni komeo, si pambo. Fungieni watu ndani.

La tatu lilihusu mazungumzo, lakini naona naonyeshwa saa. Basi. Wenye miswada waje mbele, na nitaanza na ile ambayo moto wake umejiwasha.